Nilimfokea mtu msikitini kisa simu, leo siku ya kumi na mbili hajaonekana

SafuYaPili

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandika huku naona haya, mnivumilie. Mimi si mtu wa kuanzisha nyuzi, kazi yangu ni kusoma na kupita.

Siku kumi na mbili zilizopita tulikuwa kwenye swala ya Magharibi. Rakaa ya pili, imamu yuko katikati ya sura, simu ikalia. Ni ya bwana aliyekuwa kushotoni kwangu, tumegusana mabega. Ikalia mpaka ikakatika yenyewe. Tukaenda rukuu, ikaanza tena. Mara ya tatu tuko kwenye sijda, na mnajua kwenye sijda inavyosikika, mfuko wake na sikio langu havikupishana hata dhiraa. Hakunyoosha hata kidole kuizima.

Imamu alipomaliza salamu ya pili sikungoja hata istighfari ya kwanza. Nikamgeukia: "Wewe hujui kuzima simu? Umetuharibia swala sote!" Safu tatu zilisikia. Yeye alikuwa bado kakaa kikao cha tahiyatu, kidole cha shahada kimenyooka juu ya paja, amesahau kukikunja. Akaniambia taratibu, "Nisamehe. Niliogopa nikiigusa swala itabatilika." Nikaona ananitolea visingizio. Nikasonya. Ndiyo, nilisonya, ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu.

Akainuka, hakuswali sunna, akachukua viatu akatoka. Alikuwa haikosi Magharibi wala Isha. Tangu siku ile sijamwona tena.

Juzi mtu anayemfahamu akanieleza kwamba bwana yule amesilimu mwaka huu huu, na aliyemfundisha swala alimwambia harakati tatu zinabatilisha. Kumbe simu ilipokuwa inalia alikuwa akihesabu: mkono kuingia mfukoni moja, kuitoa mbili, kubonyeza tatu. Akaona bora iendelee kulia kuliko kuvunja swala. Yaani mimi nilikuwa nimekasirikia simu, na yeye alikuwa anailinda swala yake kwa kadiri ya alichofundishwa.

Nimeshindwa kulala vizuri. Nimfuate? Nimwambie nini? Na je, kumkemea mtu anayesumbua jamaa, yaani watu wanaoswali pamoja, ni kosa lenyewe, au kosa langu ni namna tu? Naomba msinipambe.

Mkweli Mchungu

Wa alaykum salaam. Mkuu, umekosea namna, lakini usijimalize. Simu misikitini imekuwa balaa. Matangazo yamebandikwa mlangoni, imamu anakumbusha kila siku kabla ya takbiri, na bado watu wanatuletea miziki mbele ya Fatiha. Mtume (SAW) alimkataza aliyekula vitunguu saumu asikaribie msikiti, na hiyo ni harufu tu. Tukianza kubembelezana kwa kila jambo hakutakuwa na khushui, ule unyenyekevu wa moyo ndani ya swala.

Huyo kama imani yake inavunjwa na neno moja, basi ilikuwa na tatizo tangu mwanzo.

Mpita Njia

Yangu ililia siku ya Ijumaa, khatibu yuko kwenye dua. Wimbo nisioweza kuutaja hapa. Ulichaguliwa na mwanangu wa miaka sita. Nilitamani zulia linimeze.

Nasoma uzi huu kwa hofu, nisije nikakuta ni mimi ninayesimuliwa.

Mwanachuo wa Fiqhi

@SafuYaPili, nianze na hukumu kisha nirudi kwako.

Alichofundishwa kina asili. Kwa Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Shafii, vitendo vitatu vikubwa vinavyofuatana, visivyo vya swala, vinaibatilisha. Lakini aliyemfundisha hakumalizia: vitendo vidogo, kama kuchezesha vidole huku kiganja kimetulia, havimo. Angeweza kuibana kitufe kwa juu ya nguo na asipungukiwe na chochote. Kwa Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, kipimo ni mtazamaji, je, anayekuona kwa mbali atadhani huswali? Na Mtume (SAW) mwenyewe alimbeba mjukuu wake Umama akiwa anaswalisha watu, akisujudu anamweka chini, akiinuka anamnyanyua. Aliruhusu kuua nyoka na nge ndani ya swala. Bibi Aisha amesimulia kwamba alibisha mlango, naye Mtume akiswali sunna nyumbani akasogea akamfungulia, kisha akarejea mahali pake. Kwa hiyo simu inazimwa. Ni bora kuizima, kwa sababu inaudhi wengine.

Sasa kwako. Nenda kasome kisa cha Muawiya bin al-Hakam as-Sulami katika Sahihi Muslim, na ukisome mpaka mwisho, kwa sababu watu wengi wanakikatia njiani. Alikuwa mgeni katika dini. Yuko kwenye jamaa nyuma ya Mtume, mtu akapiga chafya, naye akamjibu kwa sauti, "Yarhamukallah." Watu wakamkodolea macho. Akashangaa, "Mna nini mnanitazama hivi?" Anaongea hayo ndani ya swala! Wakaanza kujipiga mapaja kumnyamazisha. Kulinganisha na simu, hili lilikuwa kubwa zaidi, huyu alikuwa anazungumza kabisa. Muawiya anasema hajawahi kuona mwalimu bora kuliko Mtume; swala ilipokwisha hakumkaripia, hakumpiga, hakumtukana. Alimwambia tu kwamba swala haifai ndani yake maneno ya watu, ni tasbihi na takbiri na kusoma Qur'ani.

Hapo ndipo wahubiri wengi wanaishia. Lakini Muawiya hakuondoka. Alibaki akaendelea kuuliza. Akauliza kuhusu kuwaendea makuhani. Akauliza kuhusu kupiga ramli na kuamini mikosi. Kisha akatoa la moyoni ambalo hakuna aliyemuuliza: alikuwa na kijakazi mchungaji, mbwamwitu akachukua kondoo, yeye kwa hasira akampiga kofi yule binti. Mtume akaliona jambo hilo ni zito, na mwisho wa mazungumzo akaambiwa amwache huru.

Mimi huwa najiuliza, angekaripiwa pale mwanzoni kwa ile chafya, nani angejua habari za yule binti?

Mama Pacha

@SafuYaPili mimi ndiye mtu wako huyo, ila wa upande wa wanawake.

Wanangu walikuwa na miezi kumi. Mmoja alilia tukiwa kwenye rakaa ya kwanza ya Isha, wa pili akamuitikia. Salamu ilipotolewa dada mmoja hakunigeukia mimi, alimgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya kutosha: "Wengine Mwenyezi Mungu amewapa ruhusa ya kuswali nyumbani, sijui kwa nini hawaitumii." Nilikusanya vitu vyangu na sikurudi kwa muda mrefu sana.

Hadithi nilikuwa naijua. Mtume (SAW) amesema huingia kwenye swala akitaka kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Maana yake watoto walikuwemo, walikuwa wanalia, na aliyebadilisha mwendo ni imamu. Mama hakutolewa. Naijua hadithi, lakini kujua hakukunisaidia, kwa sababu kila nikikumbuka msikiti nilikuwa naisikia ile sauti na si hadithi.

Unataka kujua nilirudije? Hakuna aliyekuja kuniomba msamaha. Nilipita siku moja kwa haja zangu, adhana ikanikuta pale, nikaingia nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango, tayari kukimbia. Mama mmoja wa makamo, simjui, akasogeza mkoba wake uliokuwa pembeni yake, akapapasa zulia mara mbili kwa kiganja. Hakusema kitu. Nikaenda nikakaa. Katikati ya swala mwanangu mmoja akaanza kutambaa, yule mama alipoinuka kutoka kwenye sijda akamvuta kwa mkono mmoja akamweka mbele yake, akaendelea.

Kwa hiyo shauri langu, usiende na hotuba.

Mkweli Mchungu

Dada, pole, sijasema watoto. Nimesema watu wazima wenye simu.

Ila Ustadh na wengine naona mnachagua hadithi laini tu. Ile ya Mtume kuazimia kuzichoma moto nyumba za wasiohudhuria jamaa mbona hamuitaji? Jamaa si jambo la kuchezewa. Leo tunaambiwa anayeikimbia ni mwenye kuonewa huruma.

Mwanachuo wa Fiqhi

Hadithi ni sahihi, na kwenye vitunguu saumu pia una hoja, mwenye kuudhi watu huambiwa. Sikatai kuambiwa.

Lakini hebu ifuate hoja yako mpaka iendako. Kadiri jamaa inavyokuwa nzito, ndivyo dhambi ya kumfukuza mtu kwenye jamaa inavyokuwa nzito. Unajua ni wapi Abu Masud al-Ansari amesema hajawahi kumwona Mtume amekasirika katika mawaidha kama siku ile? Mtu alikuja kulalamika kwamba anachelewa swala ya Alfajiri kwa sababu imamu wao anarefusha mno. Mtume hakumkasirikia mchelewaji. Alisimama akasema, "Enyi watu, miongoni mwenu wapo wanaofukuza watu." Akaagiza anayeswalisha akhafifishe, kwa maana nyuma yake yupo mnyonge, yupo mzee, yupo mwenye haja zake.

Na Muadh bin Jabal, mwanachuoni mkubwa miongoni mwa maswahaba, alipoanza kusoma Baqara, sura ndefu kuliko zote, kwenye Isha, mtu aliyetoka kazini na ngamia zake akajitoa akaswali peke yake. Muadh akamwita mnafiki. Kesi ilipofika kwa Mtume, aliyeambiwa "wewe ni mtia fitina?" hakuwa yule aliyejitoa. Aliambiwa Muadh, mara tatu, kisha akatajiwa sura fupi za kusoma: Sabbihisma, Wash-shamsi, Wal-layli.

Ile ya kuchoma nyumba, aliazimia na hakuchoma.

Mkweli Mchungu

Sawa. Ya Abu Masud sikuwa naijua. Natafakari.

Lakini simu zizimwe jamani!!

Babu wa Kona

Wanangu, nimeusoma uzi wote kwa miwani na bila miwani.

Mimi naswali pembeni kulia, kwenye kiti, magoti yalinistaafisha kabla ya ofisi. Kutoka pale kwenye kiti unaona mengi. Naona nani anamsukuma nani ili asogee karibu na imamu. Naona mtoto wa miaka saba aliyewahi mapema, kakaa safu ya kwanza kwa furaha, mtu mzima anachelewa, anamshika bega anamrudisha nyuma, anachukua nafasi yake. Kisha anafunga takbiri kwa unyenyekevu kweli kweli. Naona pia kijana anayeondoka safu ya mbele kwenda kuziba nafasi ya nyuma ili mtu aliyeingia mwisho asisimame peke yake.

Sote tumehifadhi ile hadithi ya swala ya jamaa kuizidi ya peke yako kwa daraja ishirini na saba. Watoto wa madrasa wanaijua. Iko na nyingine ndugu yake, inayosema malaika wanaendelea kumwombea mtu maghufira na rehema maadamu amekaa pale aliposwalia. Kuna masharti mawili. Moja, asitengukwe na udhu. La pili wengi hatulisemi: maadamu hajaudhi mtu pale. Tunachunga udhu, hatuchungi udhia. Mwanangu SafuYaPili, wewe ulitoa salamu ukiwa na udhu wako kamili, malaika wameanza dua, hata sekunde kumi hazikupita ukawanyamazisha. Usiniambie nimekupamba, umesema usipambwe.

Sasa nikuulize na wewe na msikiti wenu mzima. Siku kumi na mbili. Mtu aliyekuwa hakosi. Aliyemuulizia ni nani? Kulikuwa na mwanamke akifagia msikiti wa Mtume. Akafariki usiku, watu wakamzika bila kumwambia, kama kwamba jambo lake ni dogo. Mtume ndiye aliyemkosa, akauliza yuko wapi. Alipoambiwa, akasema kwa nini hamkunijulisha, nionyesheni kaburi lake, akaenda akamswalia pale pale kaburini. Sasa sisi tunagusana mabega na mtu miezi mitano, jina lake hatulijui, tunamjua kwa rangi ya kofia.

Kuhusu kwenda, nenda. Nenda peke yako, usipeleke ujumbe wa wazee, utamtisha adhani ni kesi. Usianze na simu. Anza na kwamba umemkosa. Ukimkuta wakati wa swala umefika, swalini pale pale, wawili ni jamaa. Siku moja mtu aliingia msikitini swala imeshakwisha, Mtume akawauliza waliokaa, nani atamtolea huyu sadaka aswali naye? Akainuka mmoja, alikuwa keshaswali, akaswali naye tena. Swala ile ile, mmoja anatimiza faradhi yake, mwenzake anatoa sadaka.

Mpita Njia

"Magoti yalinistaafisha kabla ya ofisi" 😂 Babu Mwenyezi Mungu akuhifadhi.

Na mimi nimegundua sijui jina la jirani yangu wa kulia. Miaka miwili. Namwita Shekhe, naye ananiita Shekhe.

Mama Pacha

Sisi kwetu wote ni "Mama Fulani". Afadhali ninyi.

SafuYaPili

Nimerudi. Nimetoka kwake sasa hivi, naandika nikiwa bado barabarani.

Nilifuata ya Babu. Nilibisha hodi, akafungua, akaniona, akarudi nyuma hatua moja. Hiyo hatua moja imenichoma kuliko maneno yote ya humu. Nikamsalimia nikamwambia, "Safu ina pengo, nimekuja kukuulizia." Akanikaribisha.

Nikaomba radhi. Akasema alishanisamehe usiku ule ule, yanatokea. Nikamuuliza, basi mbona huji? Akanyamaza kidogo, akainuka, akaenda kuleta daftari.

Ndugu zanguni. Siku ile nilimwambia "umetuharibia swala sote". Mimi nilikuwa nafoka. Yeye alielewa kwamba ni hukumu. Aliamini kweli kabisa kwamba kwa sababu ya simu yake, swala ya kila aliyekuwa mle imebatilika, na kwamba watu wote wale wana deni la Magharibi na hawajui, na kwamba deni hilo liko shingoni mwake. Alirudia yake usiku ule. Kisha akaanza kuandika kwenye daftari watu anaowakumbuka waliokuwepo, ili siku akipata ujasiri apite awaambie mmoja mmoja warudie. Hana majina, kwa hiyo kaandika "mzee wa kiti", "kijana wa miwani", "baba na mtoto wake", "imamu". Kafika ishirini na tatu. Wa kwanza kwenye orodha ni mimi: "kaka wa kulia kwangu".

Haji msikitini kwa sababu hajui atawatazama vipi watu aliowaharibia swala.

Nilikaa pale nikakosa la kusema. Nikamwambia hakuna swala ya mtu iliyoharibika, yake haikuharibika, na kama kuna mtu aliyeharibu kitu siku ile anamjua. Aliniuliza mara tatu, una uhakika? Nikamsomea andiko la @Mwanachuo wa Fiqhi lote, mpaka nge na nyoka. Kwenye nge alicheka.

Isha ikaingia tukaswali pale pale. Akasimama kushotoni kwangu, mazoea nadhani. Nilikuwa nimeshafunga takbiri ndipo nikakumbuka Ibn Abbas, binamu ya Mtume, alipokuwa mdogo, aliposimama kushotoni mwa Mtume akavutwa akawekwa kulia. Nikamshika kiwiko nikamzungusha kwa nyuma yangu. Akaja.

Tumemaliza, tumekaa, hata nyiradi sijafika thelathini, ananiuliza: "Kaka, na kule kuzunguka? Hatua ngapi zinaruhusiwa?"

Sijui jibu. Nimemwahidi kesho Magharibi, kasema atakuja kulichukua. Ustadh, nisaidie kabla ya hapo.

Babu wa Kona

Mimi nilidhani nimezeeka siwezi tena kulia kwa sababu ya simu. Mwambie "mzee wa kiti" kwao yupo na kwetu pia yupo, anamsalimia.

Mkweli Mchungu

SafuYaPili, lile neno langu la imani yake kuwa na tatizo nalifuta. Mwenye tatizo hakai kuorodhesha madeni ya swala za watu wengine. Mfikishie salamu.

Mwanachuo wa Fiqhi

Kusogea kwa ajili ya kurekebisha safu ni katika maslahi ya swala yenyewe, na Ibn Abbas ndiye dalili yake. Hatua moja au mbili hazina neno hata kwa Mashafii. Zikizidi, atue kati ya hatua na hatua, asizifululize.

Alisogea ngapi?

SafuYaPili

Mimi sikuhesabu. Yeye kahesabu. Anasema mbili, na ya pili ilikuwa fupi.